Inkubeta au oveni ya kukaushia? Mwongozo kamili wa kuchagua, kukagua na kuanza kutumia katika maabara ya shule

Swali ninaloulizwa kuliko yote na walimu wa sayansi wa ukanda wa pwani ni hili: "Inkubeta yetu tumeiweka nyuzi 25, mbona inasoma 34?" Wengi huwa wameshamwita fundi mara mbili, na wengine wameshauziwa thamostati mpya. Mashine haina kosa. Inkubeta ya kawaida, yaani kabati la kutunzia mbegu, vijidudu au mayai kwenye joto la kadiri, ina kipasha joto peke yake, haina kipoozi, kwa hiyo haiwezi kushuka chini ya joto la chumba ilimokaa. Chumba kikiwa na nyuzi 31, kuomba 25 ni kuomba kisichokuwepo.

Swali la pili hutoka popote: "Udongo tumeuacha ndani siku nzima, bado uzito unashuka." Ukifuatilia unakuta shule ilinunua mashine inayoitwa "mbili kwa moja", yaani inkubeta na oveni pamoja, na mwisho wake ni nyuzi 80, wakati udongo unataka 105.

Makosa yote mawili hufanyika siku ya kununua, na baada ya hapo hayana dawa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla hujaingia dukani. Joto lote humu ni la sentigredi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Orodha ya mazoezi ya vitendo ya mwaka mzima, kidato kwa kidato. Bila hii usiendelee.
- Kipimajoto cha kidijitali chenye waya na ncha ya chuma, kinachofika angalau nyuzi 200.
- Vipimajoto vitatu vya kioo vya kimiminika chekundu, 0 hadi 110.
- Futi kamba.
- Mizani inayosoma gramu 0.01.
- Bika nne, tatu kati yake ndogo, mchanga mkavu kiasi, na barafu.
- Daftari litakalobaki na mashine maisha yake yote.
- Fundi umeme anayejua kazi yake, kwa nusu saa.

Onyo: Vipimajoto vya kioo vya nyuzi 110 ni vya inkubeta tu. Ukikiweka kimoja katika oveni ya nyuzi 105 kitapasuka, kwa sababu oveni hupitiliza kipimo kwanza ndipo irudi kutulia. Vya zebaki msivitumie kabisa. Kikivunjika ndani ya chombo chenye joto, mvuke wake ni sumu kwa darasa zima.

## Hatua ya 1: Andika joto la kila zoezi

Chukua ile orodha ya mazoezi. Mbele ya kila moja andika nyuzi na muda. Kwa shule nyingi za sekondari itatoka hivi:

- Kuotesha mbegu: 25 hadi 30, siku 3 hadi 7
- Ukungu wa mkate, bakteria kwenye aga (jeli ya kukuzia vijidudu): 25 hadi 30, siku 2 hadi 5
- Mayai ya kuku: 37.5, siku 21
- Majani na mizizi, kupata uzito mkavu: 60 hadi 80, kama siku 2
- Unyevu wa udongo: 105, saa 24
- Kukausha upya silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) iliyolowa: 120, saa kadhaa
- Kuua vijidudu kwenye sahani za petri za kioo kwa joto kavu: 160, saa 2

Sasa piga mstari chini ya mayai. Vilivyo juu ya mstari ni kazi ya inkubeta, vilivyo chini ni kazi ya oveni. Inkubeta nyingi huishia nyuzi 60 au 80. Oveni hufika 200 au 250, lakini nyingi hazitulii vizuri kwenye joto la chini: ukiiweka 30 itapanda hadi 40, ijizime, ishuke, ipande tena. Mbegu zitaiva badala ya kuota. Ndiyo maana siipendekezi ile "mbili kwa moja" kwa shule yoyote.

Majaribio ya vimeng'enya kwenye nyuzi 37 hayamo katika orodha hii. Yanataka maji ya moto yaliyodhibitiwa, kwa sababu mirija ya majaribio hupata joto ndani ya maji kwa dakika chache tu, na ndani ya hewa huchukua muda mrefu. Nimeona shule ikinunua inkubeta kwa ajili ya amilesi na wanga, kipindi kikaisha mirija haijafika 37.

Na mayai? Kama shughuli ya inkubeta ni vifaranga tu, nunueni mashine ya kutotolesha. Ina kigeuza mayai na chombo cha maji cha kuongeza unyevunyevu; inkubeta ya maabara kwa kawaida haina.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Tunahitaji nyuzi kadhaa hadi kadhaa, kwa mazoezi haya." Kama juu ya mstari pana zoezi moja tu kwa mwaka, usinunue inkubeta.

Maoni yangu kwa shule yenye fedha ya mashine moja: anza na oveni. Kazi kubwa ya inkubeta inaweza kufanyika ndani ya kabati, au katika boksi la kutunzia barafu lenye balbu ya wati 40 na kidhibiti joto wanachotumia watotoleshaji wa vifaranga. Lakini nyuzi 105 kwa saa 24 mfululizo, usiku kucha, huwezi kuzipata kwa usalama juu ya jiko la mkaa wala kwenye oveni ya jikoni.

## Hatua ya 2: Pima joto la chumba kwa wiki nzima

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na kipimo chenyewe ni cha bure. Tundika kipimajoto ndani ya maabara, mbali na dirisha. Soma saa moja asubuhi, saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni, siku saba. Kama ni msimu wa baridi, kumbuka kuwa Januari na Februari itakuwa juu zaidi.

Sasa tafuta kwenye karatasi ya mashine mahali panapoandikwa kiwango cha chini cha joto. Mara nyingi utakuta maneno yenye maana ya "joto la chumba, jumlisha 5". Chukua usomaji wako wa mchana, ongeza 5. Jibu hilo ndilo joto la chini kabisa ambalo inkubeta hiyo itakupa kwa uhakika.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa chumba kikiwa na 31, jibu ni 36. Hapo huna 25 wala 30. Njombe, Mbeya au Limuru hali ni nyingine: chumba cha mchana kinaweza kuwa 20 na usiku kikashuka sana, kwa hiyo inkubeta ya kawaida inafanya kazi vizuri, tena ndiyo inayookoa zoezi.

Wenzangu wa pwani mna njia mbili. Ya kwanza ni inkubeta yenye kompresa kama ya friji. Ni ghali, nzito, inakula umeme muda wote, na kompresa ikifa mafundi wake ni wachache. Ya pili ni kukubali kwamba chumba chenu ndicho inkubeta. Kabati la mbao lililofungwa, ukutani pasipopigwa na jua, mara nyingi hukaa karibu na nyuzi 28 hadi 30 usiku na mchana, na hilo ndilo joto mnalolitaka kwa ukungu na bakteria. Njia hii naipenda kwa moyo wote. Imewasaidia wengi kupata makoloni (madoa ya vijidudu vilivyoota) mazuri bila kununua kitu.

Onyo, na hili halina mjadala: msipandishe hadi 37 ili tu mashine iweze kutulia. Nyuzi 37 ni joto la mwili wa mtu. Ukikuza vijidudu visivyojulikana kwenye joto hilo unavipa nafasi vile vinavyoweza kuishi ndani ya mwanafunzi wako. Shuleni baki 30 au chini. Usichukue sampuli chooni, mdomoni wala kwenye kidonda. Funga sahani kwa vipande viwili vya selotepu, usizungushe yote, maana pakikosa hewa huota bakteria wasiopenda oksijeni, na miongoni mwao wamo wa hatari. Sahani zikishafungwa hazifunguliwi tena na wanafunzi. Mwisho wa zoezi ziingie kwenye otoklevu au sufuria ya presha ya nyuzi 121 kwa dakika 15 kabla ya kutupwa.

## Hatua ya 3: Hesabu vyombo, ndipo uulize lita

Muuzaji atakuuliza unataka lita ngapi. Usijibu kwa kukisia.

Tuseme darasa lina wanafunzi 40, makundi 10, kila kundi makopo mawili ya udongo. Ni makopo 20. Kopo la upana wa sentimita 7 lihesabie 8, ili hewa ipite. Rafu ya sentimita 35 kwa 35 itabeba makopo manne kwa manne, yaani 16. Kwa hiyo rafu mbili zinatosha, na oveni ya lita 45 hadi 55 inafaa.

Kwa inkubeta: makundi 10, sahani tatu kila moja, ni 30. Sahani ya petri ina upana wa sentimita 9. Zikipangwa tano tano ni minara sita, na rafu mbili za sentimita 30 kwa 30 zinaitosha bila kubanana. Lita 30 tu.

Usinunue kubwa "kwa ajili ya baadaye". Chumba kikubwa kisichojazwa hula umeme uleule kila siku. Na kidogo kilichojazwa hadi ukutani hakipitishi hewa: makopo ya mbele yatakauka, ya nyuma yatabaki mabichi, na wanafunzi watalinganisha majibu yasiyolinganishika.

## Hatua ya 4: Mlete fundi umeme kabla ya mashine

Soma wati kwenye kibandiko cha nyuma. Gawanya kwa 230, upate ampea. Oveni ya wati 1,500 inavuta ampea 6.5. Inkubeta ndogo ya wati 300 inavuta 1.3 tu.

Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, kwa hiyo oveni ya kiasi hicho inaingia. Tatizo ni soketi. Mwambie fundi apime mambo matatu: kama waya wa athi kweli unafika ardhini, kama soketi haina kulegea ndani, na ni vitu gani vingine viko kwenye laini hiyo. Oveni ipewe soketi yake ukutani. Ekstensheni na adapta za kuunganisha plagi nyingi zisitumike, kwa sababu mzigo wa saa 24 huyeyusha kiungo chochote kilicholegea, na huyeyuka usiku mkiwa mmelala.

Ile friji gadi ya dukani inafaa kwa inkubeta ndogo. Nyingi zimeandikwa ampea 5. Ukiichomeka oveni ya 6.5, itaungua yenyewe kabla haijalinda kitu.

Mashine ya msaada kutoka Marekani ichunguzwe mara mbili: kule umeme ni volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 itawaka mara moja, kwa mara ya mwisho. Na kama shule inategemea sola, ondoa wazo la oveni ya usiku kucha. Kipasha joto humaliza betri kabla ya alfajiri.

Umefaulu kama: soketi imejaribiwa kwa mzigo mwingine mzito, kama birika la umeme, na plagi haikupata moto.

## Hatua ya 5: Maswali sita ya kumuuliza muuzaji

Ina feni au haina? Feni huleta usawa wa joto na hukausha haraka. Kwa udongo na vyombo vya kioo ni nzuri. Kwa unga mwepesi ni balaa, unapeperushwa. Kwenye inkubeta ya sahani za aga feni hukausha aga hadi ipasuke, kwa hiyo chagua isiyo na feni au yenye feni ya kupunguzwa.

Tundu la kutolea mvuke liko wapi? Oveni ya kukaushia isiyo na tundu linalofunguka juu au nyuma ni jiko la kuchemshia udongo kwa mvuke wake wenyewe. Ikataeni.

Ina kinga ya pili ya joto? Namaanisha thamostati nyingine, inayojitegemea, inayokata umeme ile ya kwanza ikikwama. Kwa mashine itakayobaki peke yake usiku, mimi singenunua isiyo nayo.

Umeme ukikatika ukarudi, inafanya nini? Usiulize tu, jaribu: zima soketi, subiri, washa. Baadhi ya mashine za kidijitali hukaa zikisubiri mtu abonyeze. Umeme ukipepesa saa nane usiku, asubuhi unakuta zoezi limepoa na hakuna anayejua tangu lini. Unataka inayorudi yenyewe kwenye kipimo chake.

Ndani ni chuma gani? Chuma kisichoshika kutu. Cha rangi kitabanduka, na ukanda wa pwani kitabanduka mapema zaidi.

Inkubeta ina mlango wa pili wa kioo? Bila huo, kila mwanafunzi anayechungulia anamwaga joto lote.

## Hatua ya 6: Karatasi

Omba ankara kifani tatu zenye maelezo yaleyale: lita, kiwango cha joto, wati, volti, na majibu ya maswali sita. Shule za serikali Tanzania fuateni NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, kama kawaida. Andikeni kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho ni baada ya jaribio la saa 24 shuleni. Muuzaji akikataa sharti hili, amekwisha kukuambia jambo kuhusu mashine yake. Risiti na dhamana zipigwe picha siku hiyohiyo, maana karatasi ya risiti hufifia kabla ya mwaka kuisha.

## Hatua ya 7: Mahali pa kuiweka

Juu ya meza ya zege au vigae, sentimita 15 kutoka ukutani. Jua lisiipige, upepo wa feni ya dari au kiyoyozi usiifikie. Oveni iwe mbali na kabati la spiriti, asetoni na etha, na mbali na bomba za gesi. Usiweke kitu juu yake, hata daftari.

Mara ya kwanza kuwashwa itatoa harufu na moshi mwepesi wa mafuta ya kiwandani. Iendeshe tupu, tundu wazi, madirisha wazi, nyuzi 150 kwa saa mbili, bila wanafunzi chumbani.

## Hatua ya 8: Jaribio la saa 24

Hakiki kipimajoto chako kwanza. Ndani ya barafu inayoyeyuka kisome 0. Ndani ya maji yanayochemka kisome 100 kama uko pwani. Nairobi na Mbeya maji huchemka karibu na 94, kwa sababu ya mwinuko. Ukilazimisha 100 huko, utaharibu kipimo kizuri.

Kwa inkubeta: weka bika tatu ndogo za maji, chini kushoto, katikati, juu kulia, kila moja na kipimajoto chake. Maji huzuia usomaji kurukaruka mlango ukifunguliwa. Kwa oveni: ncha ya kipimajoto cha kidijitali iingie kwenye bika la mchanga mkavu katikati, waya upite kwenye tundu la juu. Siku hiyo ibadilishe nafasi mara tatu.

Washa. Subiri saa tatu. Kuanzia hapo soma kila saa hadi jioni, na tena alfajiri. Kama unaweza, zima vifaa vingine vyote na usome LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) mwanzo na mwisho, upate yuniti halisi za usiku mmoja. Mkuu wa shule atakuuliza, na ni vizuri uwe na namba.

Umefaulu kama: inkubeta haikutoka nje ya nyuzi 1 juu au chini ya kipimo, na kona hazipishani zaidi ya 2. Oveni iliyowekwa 105 ikicheza kati ya 102 na 108 inatosha kwa shule. Kama skrini inasema 105 na mchanga unasema 97 kila mara, si lazima kuikataa: bandika karatasi mlangoni, "Weka 113 upate 105", uthibitishe upya kila muhula. Kama tofauti inabadilikabadilika, hiyo irudishwe.

## Visivyoingia ndani ya oveni

Chombo kilichosuuzwa kwa spiriti au asetoni, hata kama kinaonekana kikavu. Mvuke wake hukutana na waya mwekundu na mlango unaruka. Plastiki: chupa nyingi laini zinaanza kulegea karibu na nyuzi 100. Bureti, pipeti na chupa za ujazo maalumu; hizi zikauke kwenye hewa, kipimo chake kisije kupotea. Chombo kilichofungwa kifuniko. Na chakula cha mtu yeyote, siku yoyote.

## Hatua ya 9: Zoezi la kwanza, unyevu wa udongo

Pima kopo tupu la alumini na uandike uzito wake. Weka gramu 50.00 za udongo mbichi, usambaze usizidi sentimita 2 kwa kina. Ingiza kwenye oveni iliyokwisha kufika 105, kifuniko wazi. Saa 24.

Toa kwa koleo, uache upoe ndani ya desiketa (chombo cha kioo kinachofungwa, chenye kitu cha kunyonya unyevu), au katika boksi linalofunga vizuri lenye silika jeli. Usipime ukiwa moto: hewa inayopanda juu ya kopo huinua sahani ya mizani na uzito husomeka mdogo. Usiuache mezani wazi pia, kwa sababu udongo mkavu hunywa unyevu wa hewa wakati unausubiri.

Tuseme, ukitoa uzito wa kopo, umebaki na gramu 41.00. Maji yaliyotoka ni 9.00. Gawanya kwa udongo mkavu: 9.00 kwa 41.00, mara 100, ni asilimia 22.0. Wengine hugawanya kwa udongo mbichi wakapata 18.0. Zote mbili hutumika, lakini darasa lote litumie moja na liiandike, la sivyo makundi mawili yenye udongo uleule yatabishana bure.

Sasa rudisha kopo ndani kwa saa mbili, lipoe, lipime tena. Ukitoa uzito wa kopo, likisoma 41.00 au likapungua kwa 0.01 au 0.02 tu, udongo umekauka. Likisoma 40.60, rudia, na kabla ya kuilaumu mashine angalia kama tundu la mvuke lilikuwa wazi.